Tulime Tukitazama Mbele

(Mazungumzo ya ibada ya redioni. Masomo: Luka 9:57–62, Nehemia 5 na 6, Marko 5:21–43)



Sisi ni wenyeji wa Kanduyi, karibu na mji wa Bungoma. Wengi wenu mmepita hapa kwetu. Ni mahali ambapo njia kuu itokayo Webuye inagawanyika: anayekwenda Malaba na Uganda anaendelea mbele, na anayekwenda Bungoma mjini anakata kona. Kila siku twawaona wasafiri wakishushwa hapa njia panda. Aliye na safari anauliza gari lake, analipata na kuondoka. Lakini wapo pia wanaokuja asubuhi bila safari, wakasimama kutwa nzima kuyatazama magari ya watu wengine. Jioni wanarudi nyumbani wamechoka kama waliosafiri, kumbe hawakufika mahali popote.

Leo twataka kuzungumza juu ya mtu aliyepewa kazi, naye akaacha macho yake yaende kwingine. Wala hatutamtafuta mtu huyo mbali. Tutaanza na sisi wenyewe.

Tulipokuwa watoto, baba yetu alilima kwa plau ya kukokotwa na maksai wanne, kama walivyofanya wazee wengi wa Bungoma, na kama wanavyofanya wengine hata leo. Baba alishika mikono ya plau nyuma. Sisi ndugu wawili tulikuwa na kazi yetu: mmoja alitangulia mbele akiwaongoza maksai kwa kamba, na mwingine alitembea kando na fimbo. Kila tulipoanza mstari mpya, baba alituonyesha mkuyu uliokuwa upande wa pili wa shamba, akatuambia tuutazame huo, na tuuendee. Mwenye kuongoza akitazama mti, mstari wa kwanza unanyoka, na mistari yote inayofuata hunyoka kwa kuufuata ule wa kwanza.

Ilikuwa mwezi wa Februari, na mvua ilikuwa inakaribia. Asubuhi ile likapita barabarani gari lenye kipaza sauti, likitangaza mchezo wa mpira utakaochezwa Kanduyi. Sauti ilikuwa kubwa na muziki ulikuwa mtamu. Sote wawili tukageuka kutazama. Hatukukusudia ubaya. Hatukuitupa kamba, wala hatukukimbia shamba. Tuligeuza shingo tu. Lakini kamba ililegea, maksai wa mbele wakapinda, wale wa nyuma wakasukumana, na plau ikagonga kisiki. Maksai mmoja aliruka nje ya mnyororo, akarudi nyuma, na chuma cha plau kikamkata mguu juu ya kwato.

Baba hakutupiga. Alikaa chini, akaufunga mguu wa maksai kwa kitambaa, kisha akasema, "Gari lile limekwisha kupita. Sisi bado tuko hapa."

Wapendwa, maneno yale tuliyaelewa vizuri zaidi siku zilizofuata. Maksai yule alichechemea wiki nyingi. Watatu hawakuweza kuifanya kazi ya wanne katika udongo ule mgumu, na majirani nao walikuwa mashambani mwao na maksai wao. Mvua ikanyesha, na nusu ya shamba letu haijalimwa. Mavuno yalipokuja, hapakuwa na magunia ya kuuza. Na karo iliyokuwa imetazamiwa kutoka katika magunia hayo ilikuwa ya dada yetu mkubwa, ambaye alikuwa aingie kidato cha kwanza. Alikaa nyumbani mwaka mzima, akichota maji na kutupikia sisi tuliogeuza shingo. Hakutulaumu hata siku moja. Pengine ingekuwa nafuu kwetu kama angetulaumu.

Basi mwaweza kuona kwa nini somo la Luka sura ya 9 linatugusa sana. Hapo Bwana Yesu anakutana na watu watatu njiani. Wote watatu wanataka kumfuata, au wanaitwa kumfuata. Yule wa mwisho anaomba jambo dogo tu, kwenda kwanza kuwaaga watu wa nyumbani kwake. Nani kati yetu angemkatalia? Lakini Bwana anamjibu kwa mfano wa mkulima. Anasema kwamba aliyekwisha kuushika mpini wa jembe, kisha akawa anatazama nyuma, hafai kwa kazi ya ufalme wa Mungu. Wasikilizaji wa siku zile hawakuhitaji kuelezwa neno hili. Walikuwa wakulima. Walijua kwamba jembe linafuata macho. Mtu haachi mstari kwa miguu kwanza. Anauacha kwa macho, na miguu inafuata baadaye.

Tena tuangalie jambo hili: Bwana hakusema juu ya mtu aliyelala nyumbani, wala mtu aliyekataa kulima. Alisema juu ya mtu ambaye tayari yumo shambani, ameshika jembe, anaonekana na jirani zake kuwa ni mkulima. Hatari yake si uvivu. Hatari yake ni kuwa na mikono mahali pamoja na macho mahali pengine.

Na tutoe mfano mwingine kutoka nchi yetu hii ya magharibi. Wazee mnakumbuka, na vijana mmesikia, jinsi mahindi ya mbegu chotara yalivyoingia mashambani mwetu. Mbegu ya kwanza ya namna hiyo iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya ilitoka Kitale mwaka 1964. Wataalamu wa mimea pale Kitale walikuwa wameianza kazi hiyo tangu mwaka 1955. Walichukua mahindi yaliyozoea nchi yetu, wakayachanganya na mahindi yaliyotoka mbali sana, Ecuador, katika Amerika ya Kusini. Kwa miaka yote hiyo walipanda, wakachagua, wakatupa, wakapanda tena, msimu baada ya msimu. Leo tunakula ugali bila kuikumbuka miaka hiyo tisa.

Aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya mbegu kule Trans Nzoia anajua kwamba kazi hiyo haina mchezo. Shamba la mbegu hupandwa mistari ya mama na mistari ya baba. Katika mistari ya mama, lile ua la juu la mhindi, yaani mbelewele, lazima ling'olewe kwa mkono kabla halijamwaga unga wake. Wafanyakazi hupita mstari kwa mstari, kila siku, jua liwe kali au mvua inyeshe, mpaka ua la mwisho litoke. Wasipopita siku moja au mbili, maua yaliyoachwa yatamwaga unga, na mbegu haitakuwa ile iliyokusudiwa. Tena shamba hilo huwekwa mbali na mashamba mengine ya mahindi, maana upepo huchukua unga wa jirani na kuuleta. Mahindi ya jirani si magugu. Ni chakula kizuri. Lakini yakiingia hapo, mbegu imeharibika, na mkulima wa Kimilili au Chwele atakayeinunua hatajua mpaka atakapoona mavuno yake.

Ndugu, neno hilo tulishike. Si kila kinachotuharibia kazi ni kiovu. Vingine ni vyema mahali pake. Ubaya wake ni kwamba vimeingia katika shamba ambalo si lao.

Sasa twende kwa Nehemia. Alikuwa na kazi moja: kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Adui zake, akina Sanbalati, Tobia na Geshemu, walijaribu kwanza kumcheka. Hakuacha. Wakamtishia vita. Akawapa watu wake silaha, nao wakaendelea kujenga. Ndipo wakabadili njia. Walimpelekea mwaliko. Walimwomba aje wakutane katika kijiji kimoja cha bonde la Ono, wazungumze. Mkutano tu! Nehemia akawajibu kwamba anafanya kazi kubwa, hawezi kushuka, kwa nini kazi isimame? Walimwita mara nne, naye akawajibu neno lile lile mara nne. Mara ya tano wakaleta barua iliyo wazi, yenye uvumi juu yake, ili aiache kazi apate kulisafisha jina lake. Hakwenda.

Mtego wa mwisho ulikuwa wa hila kuliko yote. Mtu aitwaye Shemaya, aliyejifanya nabii, alimwambia ajifiche ndani ya hekalu. Waona? Waliposhindwa kumvuta kwa mambo ya dunia, walijaribu kumvuta kwa mambo ya dini. Lakini Nehemia alitambua kwamba hata hekalu laweza kuwa mahali pa kuikimbia kazi. Akabaki ukutani. Na ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Pengine mtu atauliza, "Je, mnatufundisha kuwa na moyo mgumu? Mimi nina kazi yangu, basi nisimtazame mtu?" Hapana. Hapa ndipo penye ugumu wa jambo hili, wala hatutaki kuruka juu yake. Someni sura ya tano, iliyo kabla tu ya habari ya Ono. Ukuta bado haujakwisha. Maskini wanakuja wakilia kwamba wameweka rehani mashamba yao na watoto wao wanatiwa utumwani kwa sababu ya deni. Je, Nehemia alisema kwamba ana kazi kubwa na hawezi kushuka? La. Aliwasikiliza, akakasirika, akawaita wakubwa, akawataka warudishe mashamba. Kisha akarudi ukutani.

Hali kadhalika Bwana wetu mwenyewe. Katika Marko sura ya 5 alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake wa miaka 12 alikuwa karibu kufa. Mwanamke mgonjwa akamgusa vazi katika msongamano. Yesu akasimama. Akamtafuta, akamsikiliza, akamwacha aende kwa amani. Yairo alikuwa amesimama hapo, na bila shaka moyo wake ulikuwa ukiwaka. Lakini Yesu hakumsahau Yairo. Hata habari ya msiba ilipokuja, alisonga mbele mpaka akaingia chumbani alimolala mtoto, akamshika mkono.

Basi tunajifunza kupambanua. Kilio cha aliyeanguka si kizuizi cha kazi ya Mungu. Ni sehemu ya kazi hiyo. Mwaliko wa Ono ni kitu kingine. Ukitaka kujua tofauti yake, jiulize maneno mawili. La kwanza: anayeniita ana shida, au ana nafasi tu? La pili: nikisimama hapa, nitarudi njiani mwangu, au nitasahau nilikokuwa nakwenda?

Twawaambia haya kwa sababu sisi wenyewe tulishindwa, si utotoni tu. Siku moja, miaka michache iliyopita, tulikwenda wawili, wazee wa kanisa, kumtazama mama mmoja Mkristo aliyekuwa mgonjwa sana. Alifurahi kutuona. Tuliomba pamoja naye. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ana neno moja angependa kutuambia. Wakati ule ule simu ya mkononi ikalia. Ilikuwa habari ya harambee ya mabati ya kanisa. Kazi ya kanisa! Tukatoka nje wote wawili, tukazungumza habari za fundi, misumari na fedha zilizopungua. Tuliporudi ndani mama alikuwa amelala usingizi. Hatukutaka kumwamsha. Tukasema tutarudi Jumapili baada ya ibada.

Hatukumkuta. Alifariki siku ya Ijumaa.

Mabati tuliyapata, na kanisa limeezekwa. Lakini kila mvua inapopiga juu ya paa lile, twakumbuka kwamba kulikuwa na neno moja, na hatukulisikia. Hatujui kama lilikuwa toba, au wosia juu ya watoto wake, au shukrani tu. Simu ingeweza kungoja dakika kumi. Yeye hakuweza.

Kwa hiyo, wapendwa, tujiulize kila mtu mahali pake. Wewe mzazi, jioni mtoto anapokuletea daftari lake, macho yako yako wapi? Wewe mwanafunzi, umefungua kitabu, lakini kando yake kuna simu inayong'aa kila baada ya dakika moja. Je, unasoma, au unageuza shingo? Wewe kijana wa bodaboda pale njia panda, umembeba mama na mtoto mgongoni, nawe unaendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika simu sikioni. Malori ya Malaba hayakungoji umalize mazungumzo. Roho tatu ziko juu ya pikipiki ile. Na sisi tunaohudumu makanisani, je, tunakaa katika kamati za mambo mengi hata hatuna nafasi ya kuketi na mgonjwa mmoja?

Hatusemi simu ni dhambi. Hata mahubiri yetu haya wengine mnayasikiliza kwa simu. Twasema tu kwamba mahindi ya jirani yasipandwe katika shamba la mbegu.

Na mfanye mambo madogo. Asubuhi, kabla ya kutoka, omba, kisha utaje mbele za Mungu kazi moja ambayo leo haina budi kufanywa. Moja, si kumi. Huo ndio mkuyu wako upande wa pili wa shamba. Ukiingia kwa mgonjwa, au darasani, au katika maombi, zima simu. Na ukijikuta umegeuka, usikae hapo ukijihukumu saa nzima. Kujihukumu kwa muda mrefu ni kutazama nyuma pia. Geuza uso wako, uutafute mti, uendelee.

Maana, ndugu, hatuwezi kumaliza mazungumzo haya bila kusema habari njema. Kama Bwana angewatupa wote waliowahi kutazama nyuma, shamba lake lingekuwa tupu. Mnamkumbuka Yohana Marko. Alianza safari na Paulo na Barnaba, na walipofika Pamfilia akawaacha, akarudi Yerusalemu. Paulo hakutaka hata kumchukua tena katika safari ya pili. Lakini mwishoni mwa maisha yake, Paulo anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa huduma. Aliyetazama nyuma alirudishwa shambani, akawa mtu wa kufaa.

Sisi pia tuliona jambo hilo kwa macho yetu. Asubuhi ya pili baada ya maksai kuumia, tuliamka kwa hofu. Tulidhani baba atamwita mtoto wa jirani aongoze. Alitoka nje, akawafunga nira maksai wawili, kisha mmoja akamweka mbele yao. Akaichukua ile kamba, akatupa sisi, wala hakusema neno juu ya jana. Alinyosha kidole tu, akatuonyesha mkuyu.

Mwaka uliofuata tulilima shamba lote, na dada yetu akaenda shule.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, umetupa kazi, nasi tumeacha macho yetu yatangetange. Utusamehe kwa wale walioumia kwa sababu tuligeuka. Utufundishe kukisikia kilio cha mwenye shida na kuukataa mwaliko wa Ono. Uturudishie kamba mikononi, utuonyeshe tena tunakokwenda, mpaka mstari wa mwisho utimie. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana ikae nanyi nyote, na kazi ya leo ibarikiwe. Kwa herini.